Vigelegele vya Upande B

Niseme wazi tangu mwanzo: upande A wa kaseti yetu ulikuwa mbaya. Wenzangu wa kundi wakiyasoma haya watanuna, lakini mimi ndiye niliyeimba mbele na nina haki yangu ya kusema. Ulikuwa wimbo wa amani na umoja. Tuliutunga kwa miezi, tukaufanyia mazoezi mpaka majirani wakatuomba tuwapumzishe angalau Jumapili, na kila ubeti ulianza kwa "Enyi ndugu." Karibu na mwisho gitaa linanyamaza na mmoja wetu anahutubia. Sijawahi kukutana na mtu aliyefika kwenye hotuba.

Upande B tuliutunga alasiri moja tukiwa tumekalia makreti ya soda. Huo ndio uliotufanya tujulikane mjini, na huo ndio ulioniingiza mimi kwenye uchumba bila habari yangu.

Ilikuwa miaka ile baada ya mkataba wa amani, kabla hatujawa nchi. Juba ilikuwa imejaa watu waliorudi, kila mmoja na Kiswahili chake, Kiarabu chake na namna yake ya kupika maharage. Mimi nilitoka Kenya, nikapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya mahema kule Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Nililala Munuki kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye naye alikuwa amerudi kutoka Uganda. Baba alikubali nije Juba kwa sharti moja tu, kwamba nikae chini ya macho ya dada yake. Alijua anachofanya. Yale macho hayakuwa na likizo.

Kundi letu lilikuwa la watu wanne. Kulikuwa na ndugu wawili waliolelewa Kenya kama mimi, mmoja wa kibodi na mmoja wa ngoma, ambao ukimuuliza huyu anajibu yule. Na kulikuwa na mpiga gitaa. Huyo alikulia Uganda, na mchana alikuwa na kibanda cha kuchaji simu pale Munuki, simu za mtaa mzima zimelala mezani kama dagaa juani. Alikuwa mpole, mrefu, na mwongo. Simsingizii. Alidanganya kwa upole ule ule aliopigia gitaa, na mtu aligundua siku ya pili.

Studio ilikuwa kontena nyuma ya ua wa shirika fulani huko huko Thongpiny. Fundi wake, kijana wa Kampala, alikuwa amebandika magodoro ya zamani ukutani ili sauti isirudi, na ukiegemea ulinusa usingizi wa watu usiowajua. Aliturekodia wimbo wa amani vizuri, hotuba na yote, halafu akauliza: na upande wa pili?

Tukasema upande wa pili ubaki wazi. Akatucheka. Akatueleza kwamba sokoni mtu hanunui kaseti kabla haijawekwa kwenye redio ya mwuzaji na kugeuzwa pande zote mbili. Akikuta upande B hauna kitu anadhani kaseti imefutwa, au amepewa iliyotumika, na hapo ugomvi unaanza. Weka chochote, alisema, hata kama ni kukohoa.

Mpiga gitaa alikuwa na kipande alichokuwa akikiimba kibandani kujichangamsha. Kilihusu kijana anayekwenda kuposa bila ng'ombe hata mmoja, amebeba jerikeni la maji, kwa sababu kiangazi kile maji ya kunywa yalikuwa yakitafutwa kuliko mchumba. Kiitikio kilikuwa hivi: *Ng'ombe wako njiani, baba, kwanza pokea maji.* Tulikaa kwenye makreti, tukamwongezea kijana huyo shemeji wabishi, bibi mwenye kiu na mbuzi anayeoga, na kabla saa haijapita wimbo ukawa umekamilika. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kwa ule wa amani sikumbuki kucheka.

Tatizo likawa moja. Wimbo wa posa bila vigelegele ni chai bila sukari, na sisi hatukuwa na mpiga vigelegele. Kibodi ilikuwa na kitufe cha vigelegele, lakini kilitoa mlio wa kuku aliyekanyagwa. Ndugu wawili wakajaribu, tukawaomba waache. Nikajaribu mimi. Fundi akavua hedifoni zake polepole, akaniuliza kwa heshima kama nimeumia.

Wote wakanigeukia. Walikuwa wanamfikiria shangazi yangu.

Pale Munuki, na ukitaka kanisa letu zima, hakukuwa na mdomo kama wa shangazi. Vigelegele vyake vilianza chini kama mtu anayenong'ona, vikapanda, vikakaa juu huko, na ulipodhani pumzi imekwisha ndipo vilipoanza kucheza. Harusi isiyokuwa naye watu waliiita kikao. Lakini nilimjua. Niliwaambia wasahau, kwa sababu shangazi hakupiga vigelegele vya bure. Kwake lazima awepo bibi harusi, au mtoto mchanga, au mtu aliyepata kitu ambacho Mungu mwenyewe anakijua. Niliwahi kumwomba anifundishe, nikiwa tu na hamu. Akaacha kupepeta unga akanitazama.

"Nani naolewa?" akauliza.

Nikasema hakuna, nataka kujifunza tu.

"Basi hapana piga sakit," akasema, na akarudi kwenye ungo wake. Sakit kwa Kiarabu cha Juba ni bure, bila sababu. Alilitumia neno hilo kwa watu wanaokaa vijiweni, kwa mvua inayonyesha mtoni, na kwa sehemu kubwa ya muziki wetu.

Mpiga gitaa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nimwachie yeye, akapanda boda boda akaenda Munuki. Nilidhani anakwenda kupoteza nauli. Nilikaa mlangoni mwa kontena nikinywa soda ya moto na kumcheka moyoni.

Akarudi na shangazi.

Na si shangazi wa kila siku. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, lile la Pasaka, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, na viatu vilivyokuwa vikikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki. Akanijia moja kwa moja. Akanishika kidevu, akanitazama muda mrefu, macho yake yakalowa. Nikadhani ni vumbi la njiani. Akasema baba yangu alifanya vizuri kunileta kwake, nami nikajibu ndiyo, shangazi, nikifikiri anausifu uimbaji wangu. Nilifurahi, maana hakuwahi kuusifu.

Fundi hakuwa na habari na kilichokuwa kikimjia. Alimweka shangazi ndani, mbele ya maikrofoni, akamwomba ajaribu kidogo. Shangazi hakujua kujaribu kidogo. Taa zote za mashine zikawa nyekundu na fundi akaruka kwenye kiti. Akamsogeza mlangoni, taa zikabaki nyekundu. Akamtoa nje, akamsimamisha kando ya tangi la maji, maikrofoni ikaning'inizwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, katikati ya mashuka ya shirika. Hapo ndipo mashine ilipotulia. Sisi wengine tukabaki ndani, mlango umefungwa, joto limetukalia shingoni, nami nikimsikia shangazi kwenye hedifoni akivuta pumzi karibu na sikio langu.

Mara mbili tulianza, na mara mbili ndege ya misaada ikapita juu yetu ikatuharibia. Kisha fundi akaenda kuchungulia jenereta, akarudi akituambia dizeli iliyobaki ni ya wimbo mmoja. Tukikosea tufungashe, na siku nyingine ya studio hatukuwa nayo, kwa maana kontena lilikuwa limeahidiwa kwaya. Akainua ngumi, ishara yake kwamba mtu asinyamaze hata akiumwa na nge.

Tukaanza. Gitaa likaingia, ndugu wawili wakaingia, na huko nje shangazi akaachia. Nywele zilinisimama. Nikaimba ubeti wa kwanza vizuri kuliko nilivyowahi kuimba kitu chochote. Kisha, kabla ya ubeti wa pili, ambapo tulikuwa tumeacha nafasi ya gitaa peke yake, nikasikia kwenye hedifoni sauti ya shangazi ikiongea. Hatukumwambia aongee. Lakini ndivyo wanavyofanya kina shangazi: vigelegele kwanza, halafu tangazo, ili watu wajue vilikuwa vya nani.

"Watu ya Juba, sikieni," alisema. "Leo mtoto ya ndugu yangu amepata bwana. Hapana yatima. Iko na watu yake."

Na akaachia tena.

Shangazi hakuwa na mtoto mwingine wa ndugu yake pale Juba. Nikageuka kumtazama mpiga gitaa. Alikuwa ameinamia nyuzi zake kama mtu anayetafuta sindano, na shati lake, ambalo sasa tu ndipo nililiona, lilikuwa limepigwa pasi. Sikuhitaji kuelezwa. Nilitaka kumvunjia gitaa kichwani, lakini ngumi ya fundi ilikuwa hewani na dizeli ilikuwa inakwisha. Kwa hiyo nikauimba ubeti wa pili. Niliuimba nikimtazama yeye, neno kwa neno, shemeji, bibi, mbuzi na yote, na kila nilipofika kwenye "kwanza pokea maji" nilitamani yawe ya moto. Baadaye mtangazaji mmoja wa redio alisema kwamba katika ubeti wa pili mwimbaji anaonyesha hisia za ndani za mapenzi. Msikilize tena, bwana mtangazaji.

Noti ya mwisho ilipolia jenereta ikakohoa ikazima. Mpiga gitaa alikuwa wa kwanza kutoka nje na mimi nilikuwa wa pili. Nilimkimbiza kuzunguka tangi la maji, yeye mbele na gitaa lake mgongoni, mimi nyuma na kiatu mkononi, tukipita chini ya mashuka. Shangazi aliona michezo ya wachumba. Akafunika uso kwa kitambaa, akacheka, akapiga vigelegele vya tatu, ambavyo kwa bahati nzuri havikurekodiwa.

Ukweli nilimwambia jioni hiyo hiyo nyumbani, kabla jua halijazama, tukiwa tumekaa chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha nyasi cha kupumzikia. Alikuwa bado na gauni lake la Pasaka, anachambua mchele. Nikamweleza kwamba mpiga gitaa alimdanganya, kwamba tulihitaji sauti yake kwa ajili ya kaseti, na kwamba mimi nilisikia habari za uchumba wangu kwenye hedifoni.

"Hapana bwana?" akauliza.

"Hapana, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilitegemea hasira, kwa kuwa hasira zake nilizizoea na nilijua pa kujificha. Hazikuja. Akaendelea na mchele mpaka ukaisha, akaufunika, akafungua kitambaa kichwani na kukikunja.

"Basi kigelegele iko nje sasa," akasema. "Natembea, natafuta mtu yake. Mimi hapana fungua mdomo tena mpaka impate."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya jioni.

Siku chache baadaye ndipo aliponieleza, tena bila mimi kuuliza, tukifua nguo. Alisema yeye mwenyewe aliolewa vitani, wakiwa wamejificha porini njiani kwenda Uganda. Kelele zilikatazwa. Padri alinong'ona, bwana harusi akanong'ona, na mama zake waliokuwepo wakaziba midomo kwa viganja ili sauti isiwaponyoke. Aliolewa kimya kama mtu anayeiba. Alipofika salama alijiapia kwamba hakuna msichana atakayeolewa kimya karibu naye, na kwamba vigelegele si mapambo. Alisema hayo akikamua shuka langu, kisha akanituma maji. Tangu hapo sikucheka tena, ingawa hasira kwa mpiga gitaa iliongezeka.

Kaseti ikatoka. Wiki ya kwanza wauzaji wa soko la Konyo Konyo walikuwa wakipiga upande A kwa sababu ndio ulioandikwa juu. Mtu mmoja akaugeuza, na tangu hapo sikusikia tena "Enyi ndugu" mahali popote. Wimbo wa jerikeni ulipigwa vinyozini, kwenye vibanda vya chai, kwenye redio. Na kila ulipopigwa, shangazi alinitangaza upya. Madereva wa boda boda waliniita arusa, yaani bibi harusi. Wageni wa hoteli ya mahema, ambao Kiswahili chenyewe hawakukijua, walinipongeza. Mama yake mpiga gitaa akatuma salamu kutoka Uganda na kitenge. Kisha baba akanipigia simu kutoka Kenya. Kuna jamaa alirudi na kaseti. Baba alisema, kwa sauti ya chini sana, kwamba amesikia binti yake ameposwa, na kwamba amesikia kutoka kwa redio ya duka la dawa.

Ilinichukua simu nzima kumtuliza. Aliponiuliza mpiga gitaa ni mtu wa namna gani nikasema hilo si la simu.

Lakini yote hayo ningeweza kuyabeba. Lililonishinda ni mdomo wa shangazi. Harusi ya kwanza baada ya kaseti alikwenda kama kawaida, akakaa mbele, na bibi harusi alipotoka wanawake wote wakamgeukia wakingoja aanze. Akakunja mikono. Wakangoja. Mwishowe mmoja akajitosa, akaanza juu mno, akaishiwa njiani, na watu wakapiga makofi ya huruma. Ubatizo ukafuata, mikono ikakunjwa. Mchungaji mpya akaja, mikono ikakunjwa. Bombani wanawake walinipisha kwenye foleni ili wapate kunisengenya vizuri nyuma. Mke wa mchungaji alikuja nyumbani na sukari kumbembeleza. Shangazi aliipokea sukari, akamshukuru, akamwambia kwamba vigelegele viko barabarani na havijafika.

Kwa mtaa, dawa ilikuwa rahisi: niolewe. Si lazima kwa furaha, niolewe tu, harusi zipone. Hata mpiga gitaa alikuja na shati lake la pasi, akasimama nje ya ua kwa sababu ndani aliogopa, akasema yuko tayari kunioa kwa faida ya kanisa. Nikamwambia aende akaichaji hiyo posa yake pamoja na simu za watu. Alikwenda. Sijui kwa nini niliitazama njia mpaka alipopotea, lakini niliitazama.

Nami usiku sikulala vizuri. Nilikuwa na umri wa kutaka kuimba, si wa kutaka kuolewa, na wakati huohuo sikuweza kumtazama shangazi akikaa kwenye harusi kama mgeni. Alikuwa ameanza kuzeeka usoni. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinikera kuliko kulaumiwa.

Kisha tukaalikwa kuimba kwenye harusi huko Buluk.

Bibi harusi alikuwa msichana aliyekulia kambini, amefika Juba peke yake, anafanya kazi ya kushona. Bwana harusi alitoka kwenye ukoo mkubwa, na ukoo wote ulikuwa umekuja. Viti vya plastiki vilipangwa pande mbili za ua. Upande wa bwana harusi watu walipakatana. Upande wa bibi harusi walikaa wasichana wawili watatu wa cherehani na mwenye duka alikopanga chumba, kisha viti vitupu mpaka ukutani. Shangazi, kama mtu wa kanisa la bwana harusi, aliwekwa upande ule wenye watu. Akakaa. Akakunja mikono.

Kwetu bibi harusi akitoka mlangoni, wanawake wa kwao ndio wanaoanza. Wa upande wa pili hujibu. Hawawezi kutangulia, itakuwa kama wamemwokota. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa, na yule msichana akatoka na shela lake alilolishona mwenyewe, ua mzima ukanyamaza kumngoja mtu wa kwao aanze. Wale wasichana wa cherehani wakatazamana. Mmoja alifungua mdomo akaufunga. Bibi harusi akasimama kizingitini. Niliona mikono yake ikishika shela kila upande, na kimya kile kikaendelea, na nikaikumbuka harusi ya shangazi kule porini, na viganja midomoni.

Sisi tulikuwa bado tunafunga nyaya. Mpiga gitaa ndiye aliyekuwa karibu na redio kubwa ya kukodi. Kaseti yetu ilikuwemo ndani, tuliitumia kupimia spika. Akabonyeza.

Vigelegele vikalipuka kutoka kwenye spika, vile vya chini kwanza, vikapanda. Kisha, baada ya ubeti ambao nadhani hakuna aliyeusikia, sauti ikasema kwa ua mzima: "Watu ya Juba, sikieni. Leo mtoto ya ndugu yangu amepata bwana. Hapana yatima. Iko na watu yake."

Bibi harusi akageuza kichwa huku na huku. Alikuwa anatafuta ni nani aliyesema.

Nikamtazama shangazi. Mikono ilikuwa imekunjuka. Alisimama, akajitengeneza gauni, akavuka katikati ya ua mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi, bila haraka, akaenda mpaka upande wenye viti vitupu. Mpiga gitaa akazima redio. Shangazi akavuta pumzi, ile pumzi niliyoijua sikioni, akaachia. Sitaeleza. Upande wa pili ukajibu, wanawake wote kwa pamoja, na mbwa wa Buluk wakajibu, na yule msichana kizingitini akaanza kulia na kucheka na shela likateleza.

Baadaye, wakati wa kula, nilikuwa karibu bibi harusi alipokuja kumpigia magoti. Alimshukuru, akamuuliza kwa adabu yeye ni mama wa nani. Shangazi alikuwa na mfupa mdomoni. Akautoa.

"Mimi dada ya baba yako," akasema. "Hapana sikia kaseti?"

Kisha akamwambia akae chini ale, maana amekonda.

Tulirudi Munuki kwa miguu jua likiwa bado juu, shangazi mbele amevua viatu vya Pasaka na kuvitia kwenye mfuko wake, mimi nyuma, na mpiga gitaa nyuma zaidi, umbali ambao kiatu hakifiki. Shangazi aliniambia kalas, imekwisha, vigelegele vimempata mwenyewe. Niko huru. Baba naye ataambiwa kwamba redio ya duka la dawa ilikosea nyumba.

Nilipaswa kushangilia. Wiki zote hizo nililiombea neno hilo. Badala yake nilishikwa na wivu, wivu hasa. Lile tangazo lilikuwa langu. Nilikuwa nimelichukia, nimelikimbiza kuzunguka tangi la maji, na sasa lilikuwa limekwenda kwa msichana mwingine na nilihisi nimebaki nje kwenye baridi.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Yangu?"

Shangazi hakugeuka. Aliendelea kutembea, mfuko wa viatu ukimgongagonga gotini.

"Yako nitapiga mpya," akasema. "Kwanza lete bwana."

Nyuma yetu mpiga gitaa akakohoa. Shangazi akasimama, akamngoja afike, akamtazama kuanzia shati mpaka ndala, akampa mfuko wa viatu abebe.